Kupaka rangi sanamu ya mbwa ya kiliya, toka sima mpaka macho

Swali ya kwanza usiulize urefu wala bei, uliza hivi: huyu mbwa anaitwa nani? Kiliya akikujibu "aa, mbwa tu, berje alema ya kuweka ku portai", basi kazi yako nyepesi, unatafuta picha ku intaneti unapaka. Lakini akitaja jina, tuseme Bobi, na sauti ikashuka kidogo, ujue hapo hauuzi mbwa, unauza Bobi. Na Bobi alikuwa na sikio moja yenye kupasuka na soksi nyeupe mu miguu tatu, si ine. Ukikosea upande wa sikio utarudia kazi bure. Mimi nilirudia, nitafika kwa hiyo.

Niko hapa Goma, napakaka sanamu za sima: simba wa portai, tai, malaika wa makaburi, na sasa mbwa wengi kuliko simba. Kujenga sanamu si kazi yangu, kuko fundi mwenzangu anazijenga na waya na ferabeto nyembamba, mimi napokea mbwa wa kijivu hana macho. Basi naandika kwa wale wanaopokea kitu sawa hicho na hawajui waanzie wapi.

ANZA NA PICHA, SI NA PENSO

Omba kiliya picha tano: uso kwa karibu, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, kifua, na nyuma pamoja na mukia. Zote zipigwe inje muchana, juu ndani ya nyumba chini ya ampule nyeupe inageuka rangi ya chai ya maziwa na wewe utaipaka hivyo hivyo. Mwambie azitume ku WhatsApp kama dokima, si kama picha ya kawaida, ile njia ya kawaida inapunguza picha mpaka manyoya inakuwa matope.

Mara mingi mbwa alisha kufa na picha ni zile zilizopo, selfi za watoto. Hapo njo mutego. Papa moja wa Himbi alinitumia picha ya binti yake akikumbatia Bobi, picha safi kabisa, sikio la kupasuka linaonekana vizuri upande wa kushoto. Nikamwambia fundi apasue la kushoto, nikapaka, nikamwita. Papa akasimama mbele ya sanamu, akanyamaza, akazunguka mara mbili, kisha akasema: "Mutoto yangu, huyu ni ndugu yake Bobi." Ile picha ilipigwa na kamera ya mbele, ilikuwa imegeuka sawa kioo! Na alama ilikuwa pale pale, tisheti ya yule binti ilikuwa na maandishi, yamesomeka kinyume, na mimi sikuangalia. Kosa yangu, hasara yangu, siku tatu za kuziba sikio moja na mastike na kupasua lingine na tundevile na papie vere.

Toka siku ile picha yote ya selfi natafuta kwanza maandishi ndani: tisheti, kalanda ku ukuta, plake ya gari. Hakuna maandishi? Uliza kwa mudomo, "sikio la upande wake yeye mbwa, la kulia ao la kushoto?" na usiseme "upande huu".

Kisha nachora mbwa wawili ku karatasi, ubavu huu na ubavu ule, hata kama wanafanana na mbuzi haina shida, naandika kila doa mahali pake na rangi yake, na kiliya anatia sinyatire hapo chini. Hapo hapo tunapatana bei, anatoa nusu mbele. Bila nusu sinunui hata papie vere, maana kiliya akihama ama akibadilisha mawazo, nani atanunua Bobi yake kwako?

Kidogo juu ya aina za mbwa, juu watu wanachanganya. Berje alema ana tandiko jeusi mugongoni, mudomo mweusi, miguu ya rangi ya udongo. Rottweiler ni mweusi na alama za kahawia juu ya macho, ku mashavu, kifua na miguu, na hizo alama ziwe ndogo, ukizizidisha anakuwa mbwa mwingine. Na kuko basenji. Hapa kwetu ukimwita mutu basenji ni tusi, na mbwa wa mitaani tunamdharau hivyo hivyo, kumbe kwa wazungu basenji ni aina yenye kuandikwa ku vitabu vyao vya mbwa, kwao ameandikwa kuwa anatoka huku Afrika ya kati, na wanamnunua bei kali. Habweki sawa wengine, anatoa sauti sawa ya kuimba. Bobi alikuwa wa namna hiyo: mukia umejikunja juu ya mugongo, mikunjo ku paji la uso, nyeupe ku kifua, ku miguu na ku ncha ya mukia. Ile mikunjo ya paji nilikaa nayo asubuhi muzima, na sijuti.

SIMA INGOJEWE

Fundi akikuletea sanamu aliyoimaliza juzi, usiiguse. Siku 28, njo muda sima inahitaji kukomaa, na mvua zikiwa nyingi mimi naongeza wiki mbili. Wengi wanakataa, wanasema iko kavu, ona, imekuwa nyeupe. Nyeupe ya juu tu.

Sababu ni hii. Sima mbichi ina ukali wa chokaa ndani yake, ni ukali wa namna moja na soda kostike. Na soda kostike ukiichanganya na mafuta unapata nini? Muulize mama yoyote anayepika sabuni ya mawese. Sasa rangi ya mafuta ukiipaka ku sima mbichi, chini kwa chini inageuka sabuni kweli kweli, inalainika, inanata, kisha inaachana na sanamu sawa ganda la kiazi chenye kuiva. Utalaumu rangi, utalaumu kenkayeri ya Birere ilikuuzia, kumbe ni haraka yako.

Namna ya kupima maji: kata kipande cha sashe, kibandike ku tumbo la mbwa na skoch pande zote ine, acha mpaka kesho yake. Ukikuta matone ndani ya sashe, ngoja tena. Na sanamu isikae chini ku udongo, iweke juu ya mawe mawili, juu sima inanyonya maji toka chini sawa mutambi wa taa. Kama mbwa iko wazi ndani, hakikisha fundi ameacha tundu chini ya makalio. Tundu lisipokuwepo maji itatafuta njia ya kutokea, na njia yake itakuwa kupitia rangi yako.

Kukisha kauka, safisha. Brosi ya waya kwanza, kuondoa ule unga mweupe wa chumvi unaotokea juu. Kama sanamu ilitoka mu kalibu, iko na mafuta ya motere walipaka ili isinate, hiyo ioshe na maji ya moto na sabuni ya unga, mara mbili, suuza, acha ikauke siku mbili. Vitundu sasa: sima yetu ya Goma mafundi wanaichanganya na muchanga wa volkano, na ule muchanga uko na matundu matundu sawa mukate, unakunywa rangi. Ziba makubwa na mastike ya inje, madogo acha rangi ya kwanza iyazibe. Piga papie vere 120, na funga pua, ule vumbi wa sima si wa kuchezea mapafu.

RANGI GANI

Hapa nina ubishi na wenzangu wengi. Wao wanapenda rangi ya mafuta juu inang'ara na kiliya anaona "imekamata". Mimi natumikaka rangi ya maji, ile akriliki ya inje. Inaacha sima ipumue, haigeuki sabuni, inakauka haraka, na zaidi ya yote mbwa hang'ari sawa sufuria mupya! Manyoya inakunywa mwanga. Vyenye kung'ara ku mbwa ni vitatu tu, macho, pua na ulimi.

Nunua rangi ine: nyeupe, nyeusi, njano ya udongo, na nyekundu ya udongo. Hizo zinatosha mbwa wote niliowahi kupaka. Kahawia: njano sehemu mbili, nyekundu moja, na nyeusi tone kwa tone. Ile nyeusi iogope, juu njano na nyeusi peke yao wanatoa kijani, na nimeona berje alema wa kijani mu hii muji, amesimama ku portai mpaka leo. Ukitaka kahawia yenye giza ongeza nyekundu kwanza, kisha nyeusi kidogo.

Na mbwa mweusi usimpake nyeusi tupu. Changanya nyeusi na nyekundu ya udongo kidogo, ipate joto. Nyeusi tupu unaiweka kwa ajili ya mboni na matundu ya pua, ukiimaliza ku mugongo, macho itapata nini?

Kiasi: mbwa wa kukaa mwenye sentimita 70 hafiki hata metre kare mbili, na litre moja ya rangi ku kitu laini inapaka metre kare karibu 8 mpaka 10. Sasa usinunue bidon. Nusu litre ya rangi kubwa, ile inayofunika sehemu kubwa ya mbwa, inatosha mikono tatu, yaani kuipaka mara tatu, na hiyo rangi kubwa uichanganye yote mara moja, kesho hautaipata tena sawa, hata kama uliandika vipimo.

MUKONO WA KWANZA

Gobleti tano za rangi, moja ya maji. Na huu mukono wa kwanza usiwe mweupe, kila mutu anaanza na nyeupe sijui nani aliwafundisha. Ukianza na nyeupe, kila katundu penso ilikaruka kitaonekana sawa unga wa mihogo ku shati nyeusi. Anza na kahawia ya giza, ile utakayoitumia ku vivuli, basi hata ukiruka mahali panakuwa kivuli chenyewe. Mbwa mweupe, anza na kijivu.

Paka mpaka chini ya nyayo na chini ya kiti chake, kote. Moshi wa Nyiragongo, volkano yetu, ukilalia muji, mvua inashuka na asidi, mabati yetu ni shahidi, na sima pia haipendi asidi. Paka asubuhi umande ukishaisha. Mimi nikifika saa tisa za alasiri naacha, baridi ya jioni ya huku inakuta rangi haijakauka na inaifanya madoa meupe. Kati ya mukono na mukono ngoja saa tatu ao ine. Na kila asubuhi pangusa mbwa na kitambaa chenye maji kidogo, vumbi letu jeusi halilali.

MANYOYA

Unahitaji rangi tatu za kila sehemu: ya kivuli, ya kati, na ya mwanga. Kivuli umeshaweka. Ya kati inafunika karibu kote, lakini usiingize mu mikunjo, ndani ya masikio, nyuma ya viwiko, chini ya tumbo. Hiyo haichukui muda.

Ya mwanga njo kazi. Chukua penso ya zamani, ile ungetupa, kata manyoya yake na wembe bila mpangilio, mengine marefu mengine mafupi. Chovya ncha tu, kisha futa ku karto mpaka ukadhani rangi imeisha. Hapo njo iko tayari. Piga vistari vifupi, sentimita mbili hivi, kugusa na kuinua, kugusa na kuinua. Ukivuta mustari mrefu umechora majani ya mahindi.

Njia ya manyoya usiiwaze, nenda ushike mbwa wa jirani kama hana ubaya. Toka ku pua yanapanda paji la uso yanarudi nyuma, ku shingo yanashuka, ku kifua yanashuka na kukutana katikati, ku paja yanajikunja kuelekea nyuma. Na uanze mukiani uende mbele ku kichwa, si kinyume. Ni sawa kupiga mabati ya nyumba, unaanza chini ili bati la juu lilalie la chini. Manyoya ya mbele yanalalia ya nyuma, na ukianza ku kichwa kila mustari utafunika ncha ya mwingine, mbwa ataonekana kama amepigwa na upepo wa nyuma.

Mahali rangi mbili zinakutana, tuseme soksi nyeupe na mguu wa kahawia, usichore mupaka sawa wa karte ya inchi. Shusha vistari vya kahawia juu ya nyeupe, virefu na vifupi, meno meno. Kwa Bobi zile soksi tatu hazikuwa urefu moja, ule wa nyuma ulifika karibu ku goti, na Papa aliweka kidole hapo hapo akasema "paka hapa". Alikuwa na haki, karatasi ilisema hivyo.

MACHO

Macho nayapa nusu siku, na siyapake nikiwa na njaa ama kiliya amesimama nyuma yangu.

Kwanza pandisha sanamu mahali pa urefu wake. Kama mbwa atakaa juu ya nguzo ya metre mbili, mimi namweka juu ya tonolo mbili na meza, namwangalia toka chini. Mboni ukiichora katikati ukiwa uso kwa uso naye, akishapanda ku nguzo ataangalia mawingu, na mwizi anapita chini yake bila wasiwasi. Shusha mboni kidogo, amwangalie mutu anayebisha.

Kosa ya wanaoanza ni nyeupe ya jicho. Mutu anaonekana nyeupe pande zote mbili, mbwa karibu hana, ukimpa nyeupe nyingi anakuwa mbwa aliyeona mushetani. Jicho lote lijaze kahawia. Ukingo wa nje wa kahawia uwe na duara la giza jembamba. Sehemu ya juu ya kahawia ipake giza zaidi, ni kivuli cha kope, na sehemu ya chini iweke njano kidogo sana, hapo jicho linakuwa na maji. Mboni nyeusi tupu, duara kabisa, ile ya kusimama sawa mbegu ni ya paka. Kope zizungushwe na nyeusi.

Sasa ile nukta ya mwanga. Chovya kijiti cha meno mu nyeupe, weka nukta moja juu kidogo, nusu ndani ya mboni nusu inje, na macho yote mawili nukta iwe upande moja. Upande moja! Ukiweka moja kushoto na moja kulia mbwa anakuwa kengeza na hautajua sababu, utakaa unapaka mboni mara kumi. Usiongeze nukta ya pili kwa uzuri.

Pua ni kijivu ya giza, matundu nyeusi. Ulimi: nyekundu ya udongo na nyeupe, usinunue roze ya duka, inafanya ulimi sawa bombo.

VERNI, NA KUMFIKISHA

Ngoja siku mbili kisha verni (vanishi) ya maji isiyong'ara, mikono miwili myepesi. Ukiimwaga nzito mu mikunjo inabaki nyeupe sawa maziwa na haitoki. Ku macho, pua na ulimi tumia verni ya maji yenye kung'ara. Kuko wanaotumia verni ya kucha, nami nilifanya zamani, siku ya kwanza inapendeza sana, lakini inaweza kuyeyusha rangi ya maji chini yake, na jua inaigeuza njano. Mbwa mwenye homa ya manjano hapana.

Kumsafirisha, ngoja tena siku tatu. Usimfunge na plastiki, inanata ku verni. Mufunge na kitenge ya zamani, kisha kipande cha godoro, kisha kamba. Mimi natumikaka chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili ya kusukuma, na sijaona bora, mwenye chukudu anajua kila jiwe la njia, taksi haijali. Mulaze chali? Hapana, asimame, masikio yasiguse kitu. Ukifika, kiti chake kilale juu ya sima mbichi kidogo ili asitingishike, na umwambie kiliya jambo moja kabla ya kulipwa ile nusu: siku volkano ikitupa majivu, asipanguse mbwa na kitambaa kikavu, yale majivu yanakwaruza sawa papie vere. Amwagie maji kwanza, mingi, kisha kitambaa.

Na rangi zilizobaki usirudi nazo. Zitie mu vichupa vidogo, ujaze mpaka juu hewa isiingie, andika ku kila moja: mugongo, soksi, sikio. Papa wa Bobi nilimwachia vitatu. Kile cha sikio njo kimeanza kuisha, wajukuu wake wanacheza mupira pale pale ku portai.